Mizani ya Watoto na Transfoma ya Tembo

Jumatatu, tarehe 6 Novemba

Nina bahati. Tuanze na hilo, maana shajara isiyosema kweli ni karatasi ya kufungia sukari. Wenzangu bahati wanaitafuta kwa tochi. Mimi inanitafuta yenyewe. Leo asubuhi nimekaa kibarazani, mguu juu ya mguu, sina hili wala lile. Kazi ikaja, ikabisha hodi. Hata viatu sikuwa nimevaa!

Kazi yenyewe: kuweka taa katika bustani ya dada. Dada yangu mkubwa, mkunga mstaafu. Miaka thelathini amepokea watoto, nusu ya mtaa huu imeanza kulia mikononi mwake. Alipostaafu akafyeka kiwanja cha nyuma ya nyumba, akapanda maua, akaweka mabenchi. Anataka kukikodisha kwa shughuli za watu. Jumamosi ndiyo shughuli ya kwanza. Walimu wa shule ya jirani wanamuaga mwalimu mkuu wao, na sharti lao ni moja tu: taa ziweze kupunguzwa. Mama wa watu amefanyiwa upasuaji wa macho, mwanga mkali unamchoma. Wakati wa hotuba zishuke, wakati wa muziki zipande.

Shemeji, mume wa dada, hataki bustani. Anataka kuku. Amemwambia dada: nakupa Jumamosi moja. Ikiharibika, Jumapili naingiza kuku. Na si maneno matupu. Robota la wavu wa kuku limeshanunuliwa, limesimama ukutani kando ya maua kama askari anayesubiri amri. Dada akipita karibu nalo anageuza uso.

Mafundi umeme mtaani tuko wawili, mimi na Mita. Mita jina la utani. Hapigi hatua bila kupima. Ana mita ya umeme mfukoni muda wote. Nasikia hata maji ya chai anayapima. Ana cheti, kakitia kwenye fremu. Mimi chuoni niliondoka muhula wa pili, walikuwa wananichelewesha. Leo nimepita mbele ya karakana yake mara nne, polepole, nikipiga mluzi, ajue kazi kapewa nani. Kaniamkia vizuri tu, na kaniuliza hali ya nyumbani. Inaudhi!

Mama watoto kasema hongera. Halafu akauliza Mita anasemaje. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Nimeamka kabla ya jogoo. Mwili hautulii. Nimekunywa chai nimesimama.

Taa ninazo tayari. Mita thelathini za taa za utepe, zile za LED zinazouzwa kwa kukatwa kama kitambaa. Zinataka volti kumi na mbili tu. Umeme wa ukutani ukiingia humo moja kwa moja ni maziko. Kwa hiyo inatakiwa transfoma, kile kiboksi cha kuushusha ukali. Na dima, ya kupunguza mwanga. Vitu viwili tu. Mtoto wa darasa la tatu angemaliza kazi hii kabla ya mapumziko.

Nikaenda kwa Mama Soketi, mwenye duka la vifaa vya umeme. Yule mama ana maswali kuliko hakimu. Kila mita ya utepe inakula wati ngapi? Nikasema kumi. Akasema basi mita thelathini ni wati mia tatu, usinunue transfoma ya mia tatu kamili, iachie nafasi ya kupumua. Itakaa wapi, ndani au mvuani? Ina namba ya kuzuia maji? Hiyo dima inakubaliana na hiyo transfoma, au utazifungisha ndoa ya mkeka? Nikamwambia mama, nipe kitu kizito, mengine niachie mimi. Akaniuliza kizito maana yake nini. Nikacheka. Watu wa dukani hawajui kazi!

Nitaiandika hapa siri yangu, asiisome mtu. Kitu cha umeme hakipimwi kwa maandishi. Kinapimwa kwa uzito. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakulisema debe zito hata kidogo. Ndani ya transfoma nzuri kuna shaba na chuma, na shaba na chuma vina uzito. Ya uongo ni nyepesi, imejaa upepo. Miaka kumi na tisa nanunua kwa mkono.

Mama Soketi akanipa moja ya kwenda kuitazama. Nyembamba, ina maandishi mengi. Nje ya duka, mezani kwa mchuuzi wa barabarani, nikakuta nyingine. Nyeusi, ina picha ya tembo, imeandikwa wati mia tano kwa herufi za dhahabu. Nikaiinua. Bega likashuka! Nikajua nimefika.

Ila safari hii sikutaka kubahatisha. Nataka dada aone utaalamu. Nikazipeleka zote mbili kwake, nikaazima ile mizani yake ya kupimia watoto wachanga. Bado anayo, inaning'inia kwenye boriti ya baraza, na mfuko wake wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu. Nikaitia ya Mama Soketi kwenye mfuko: kilo moja na robo. Mtoto njiti! Nikaitia ya tembo: kilo tatu kasoro kidogo. Nikampigia dada vigelegele, nikamwambia umepata mtoto wa kiume.

Dada hakucheka sana. Akaivua ile transfoma kwenye mfuko taratibu, kwa mazoea, akiishika chini ya shingo. Akasema, "Mdogo wangu, nimepima watoto miaka thelathini. Mzito si lazima awe mzima. Wengine wanakuja wamejaa maji."

Nikamwambia dada, huo ni ukunga, huu ni umeme.

Ya Mama Soketi nimeirudisha. Nimempa pole.

Jumatano, tarehe 8 Novemba

Leo ni siku ya dima. Mama Soketi anazo za kila namna, na kila moja ina masharti kama mganga. Hii ya balbu za zamani. Hii ya LED lakini kwa transfoma inayokubali. Hii inakaa kabla ya transfoma, hii baada. Kichwa kikaniuma nikiwa bado mlangoni. Nikarudi nyumbani kufikiri. Nikajilaza. Nikaamka. Nikajilaza tena. Nikawa natazama feni ya darini inavyozunguka.

Ndipo akili ikafunguka!

Feni ina swichi ukutani, ile ya duara, moja mpaka tano. Ukizungusha, kasi inapungua. Kinachopungua ni nini? Umeme. Na taa inakula nini? Umeme. Kwa hiyo dima ninayo miaka sita sebuleni kwangu nikiipangusa vumbi. Nikatoa bisibisi, dakika kumi nikawa nimeing'oa. Feni nikaiunga moja kwa moja isikae bure.

Tatizo dogo. Feni sasa ina kasi moja tu, namba tano, ile ambayo hatukuwahi kuitumia. Mama watoto aliporudi kazini mapazia yalikuwa yamesimama mlalo. Kalenda imeng'oka. Alikuwa na karatasi za kikundi chao mkononi; ukurasa mmoja tumeupata jikoni, mwingine bado. Akaniuliza, kwa sauti kubwa maana upepo ulikuwa mwingi, ikiwa nina mpango wa kuruka na nyumba. Nikamwambia avumilie mpaka Jumapili. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia mkuu wa nyumba hii ni mimi, kwa hiyo guu halihusiki. Chakula kimekuja baridi. Nadhani ni ile feni.

Jioni Mita kapita kwa dada wakati napima mahali pa kufunga. Eti alikuwa anapita tu. Nani anapita tu na ngazi begani? Akaitazama swichi ya feni. Akaitazama transfoma ya tembo. Akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi. Kwa upole kabisa, na ndio ubaya wake, akanieleza. Swichi ya feni si dima. Ukiiweka kabla ya transfoma isiyotengenezwa kwa kupunguzwa, taa zitapepesa. Dima ya utepe inakaa baada ya transfoma, kwenye volti kumi na mbili. Na mita thelathini usizilishe kwa upande mmoja, mkia utakufa njaa. Na hiyo transfoma ina matundu, ni ya ndani ya nyumba. Mvua ikiingia je?

Nikamwonyesha: wati mia tano! Akauliza mia tano iliandikwa na nani. Nikasema na waliotengeneza.

"Bosi," akasema, "hata mimi naweza kujiandika mgongoni kwamba mimi ni daktari."

Nikamjibu yeye anapima umeme, mimi napima maisha. Jibu zuri sana. Nililipata baada ya yeye kuondoka, lakini nimeliandika hapa kwa sababu lilistahili kuwahi.

Kabla hajaondoka nilimchokoza: Jumamosi hii ana kazi gani kubwa? Akasema Jumamosi ameiacha wazi. Maskini. Hana wateja.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba

Nimefunga! Mita thelathini zote, kutoka baraza mpaka mwisho wa ua, nikazipitisha juu ya mabenchi na kuzirudisha kwenye ukuta wa maua. Transfoma ya tembo nimeifunga kwenye nguzo kwa waya mara tatu, maana kwa uzito ule msumari ulikuwa unalia. Swichi ya feni iko barazani, chini ya mizani.

Jua lilipozama nikawaita. Dada akaja na shali, akasimama mikono kifuani. Shemeji akaja na kiti chake. Nikahesabu moja mbili tatu.

Zikawaka! Dada akasema "Ah!" na mimi nikapangusa macho kidogo, vumbi lilikuwa jingi. Kwa kweli ilipendeza. Upande wa baraza mweupe kama maziwa. Katikati mwanga wa mchana wa mawingu. Upande wa mwisho, sijui niseme nini, rangi ya chai. Dada akauliza mbona kule kumefifia. Nikamwambia ni mtindo. Mwanga unaanza kwa nguvu, unaishia kwa heshima.

Kisha nikapunguza. Namba nne: sawa. Namba tatu: taa zikaanza kupepesa kama jicho la mtu aliyeingiwa na mdudu. Namba mbili: bustani nzima inakonyeza. Maua yanaonekana, hayaonekani, yanaonekana. Shemeji akafumba macho, akasema kichwa kinamzunguka. Nikarudisha tano haraka. Nikasema ni taa mpya, bado hazijazoea mkono.

Dada akaniuliza jambo moja tu. Akasema yule mwalimu mkuu, na macho yake yale, ataweza kukaa kwenye konyezo hili saa nzima? Nikamwambia kufikia Jumamosi zitakuwa zimetulia. Akaniamini. Afadhali angenigombeza.

Shemeji aliinuka, akaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa hatua ndefu. Nilidhani ananyoosha miguu. Kumbe anapima banda.

Jambo jingine, na hili namwambia mwenye shajara peke yake. Transfoma inavuma. Niliweka sikio. Mmmmmm. Nikakumbuka debe. Nikaondoa sikio.

Ijumaa, tarehe 10 Novemba

Mawingu tangu asubuhi. Nimetoka nje kutazama juu mara saba. Mama watoto kasema nikitazama tena mbingu itanitoza kiingilio.

Saa nane nikaenda kuilinda transfoma. Nikaifunga kwa mfuko wa plastiki, mmoja, miwili, mitatu, nikakaza kwa utepe wa gundi. Juu yake nikafunika sufuria. Sufuria ni ya mama watoto, ile kubwa, ya wageni. Hajui. Hakuna tone litakaloingia humo! Nikawasha kujaribu. Mvua ikaanza, mimi nimejikinga barazani, taa zinawaka katikati ya mvua. Nikajiona mfalme. Nikamwambia dada mwite Mita aje aone.

Baada ya nusu saa nikasikia harufu. Kama mtu anachoma kandambili. Dada, pua ya mkunga, akauliza kuna nini kinaungua. Nikasema jirani. Akasema jirani wamesafiri.

Taa zikawa rangi ya chai zote. Zikawa rangi ya kahawa. Puh! Zikazimika, na nyumba nzima ikazimika nazo, na friji ikanyamaza, na shemeji akaita kutoka ndani kwamba alikuwa anasikiliza taarifa ya habari.

Nikazima swichi kuu, nikachomoa, nikasubiri ipoe. Sufuria ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni. Kumbe maji hayakuingia, ni kweli. Lakini na joto halikutoka! Plastiki imegandana na chuma. Hili sikulijua, na hata wewe usingelijua.

Nikaifungua kwa bisibisi barazani, nimewapa watu mgongo.

Ndani mna kibao kidogo cha umeme, ukubwa wa biskuti. Cheusi, kimeungua. Na pembeni yake, vimepakwa rangi nyeusi na kugandishwa kwa gundi, vipande viwili vya saruji.

Saruji! Ile ya kujengea! Nimepanda na kushuka mtaa mzima nikiwa nimebeba ukuta wa mtu!

Nikasikia hatua za dada. Nikafanya ambalo mwanamume yeyote mwenye akili angefanya. Nikatia kipande kimoja mfuko huu wa kaptura, kingine mfuko huu. Dada akafika, akauliza vipi. Nikasema imeungua kidogo, ni fyuzi. Nilipoinuka kaptura ikabaki chini kidogo. Nikaivuta. Ikashuka. Nikaivuta kwa mikono miwili. Dada akanitazama usoni, akatazama mifuko, akaniambia kwa sauti ile anayowaambia wanawake wasukume: "Toa."

Nikatoa.

Akavipokea vyote viwili. Akaenda kwenye mizani, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, kimoja mguu huu, kingine mguu ule. Mshale ukaenda. Kilo mbili na nusu.

"Huyu," akasema, "alijaa maji."

Halafu akakaa kwenye benchi lililolowa, mwenyewe, bila kulipangusa. Akawa anatazama lile robota la wavu. Sijamwona dada amekaa hivyo tangu mama alipofariki. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nimetafuta mpaka sasa. Sina.

Jumamosi, tarehe 11 Novemba

Alfajiri nikavaa. Nikavua. Nikavaa tena. Nikatoka.

Mpango ulikuwa hivi. Siendi kumwomba Mita. Mimi na kuomba hatujuani. Napita tu karakanani, nalalamika kwa sauti kwamba kazi zimenizidi, na kwamba kama kuna fundi anayetaka kujifunza, leo naruhusu mtazamaji mmoja. Atajitolea mwenyewe.

Nikapita. Nikasema. Mita alikuwa mlangoni amekaa juu ya sanduku la vifaa, viatu vya kazi mguuni, mfuko umefungwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza imeungua lini. Nikasema jana. Akasema, "Alaa! Nilikutegemea Alhamisi."

Ndani ya mfuko alikuwa na kila kitu. Transfoma mbili, zimefungwa kabisa, hazina tundu, zina namba ya kuhimili mvua, kila moja wati mia mbili za kweli. Dima mbili ndogo za kukaa baada ya transfoma. Na kidude cha duara, ukubwa wa kopo la marashi, hakina waya, unakizungusha na dima zote mbili zinakitii. Nikamuuliza umenunua saa ngapi hivi vyote? Akasema anavyo tangu wiki iliyopita. Sikumuuliza vilikuwa vya kazi gani.

Tulifanya kazi mpaka mchana. Kuna mtu aliyekata utepe katikati na kuulisha kila nusu kwa transfoma yake, ili mkia usife njaa. Kuna mtu aliyepima kila kiungo kwa mita. Kuna mtu aliyeshika ngazi. Nimeshika ngazi vizuri sana, haikutikisika hata mara moja, na Mita mwenyewe amekiri. Kazi ni ya wote wawili.

Nikachukua transfoma moja nikaipima kwenye mizani, kwa siri. Kilo moja kasoro kidogo. Sikuelewa. Nikaipima tena.

Jioni walimu wakaja, wamevaa wakapendeza. Mwalimu mkuu akaja na miwani myeusi, ameshikwa mkono. Nikasema kidude cha kuzungusha nakishika mimi, hilo halina mjadala, mimi ndiye mwenye kazi. Mita akanikabidhi.

Taa zikashuka kwa ajili ya hotuba, laini, bila kupepesa, kama mtu anavuta shuka. Mama wa watu akavua miwani! Akatazama bustani nzima, akasema ni mara ya kwanza tangu upasuaji anakaa chini ya taa bila kulia. Dada alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimwona.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mkubwa. Lakini mkono ulikuwa unawasha. Alipotaja miaka yake ya kazi nikaona panataka huzuni, nikashusha kidogo. Alipowashukuru wanafunzi nikapandisha. Akataja marehemu mumewe, nikashusha zaidi, kwa heshima. Nikawa nafuata kila sentensi, juu, chini. Mara akanyamaza, akaangalia juu, akauliza hivi umeme unakatika? Walimu wakaanza kutafuta simu zao zenye tochi.

Dada akanijia kwa nyuma, akaninyang'anya kidude. Akakosa pa kukiweka, akampa mtu wa karibu. Mtu wa karibu alikuwa shemeji, kwenye kiti chake, kando ya robota la wavu.

Shemeji akakitazama. Akakizungusha kidogo. Bustani ikang'aa. Akarudisha. Bustani ikatulia. Akamgeukia Mita akanong'ona: na ukitaka katikati? Mita akamwambia zungusha polepole, mzee. Tangu hapo hakuinuka. Alishusha wakati wa dua, akapandisha wakati wa muziki, akapata hata ule mwanga wa katikati wa watu kula. Walimu walimpungia mkono, "Mzee wa mwanga, ongeza!" naye anaongeza, anatabasamu kama mtoto aliyepewa usukani. Kati ya muziki, mwalimu mmoja akamuuliza kama bustani ina nafasi mwisho wa mwaka. Shemeji akamjibu, tena haraka, kwamba ipo, na taa atazishika yeye mwenyewe.

Robota la wavu? Kuna walimu wawili walikuwa wamelikalia.

Jumapili, tarehe 12 Novemba

Nimeirudisha swichi ya feni. Sasa namba moja ndiyo kasi kubwa na namba tano imezima. Mama watoto kasema atazoea. Sufuria ameiona. Hilo hatalizoea.

Dada kaniita mchana. Nilikwenda moyo uko mkononi. Akanipa chai, akanikalisha, akaniambia bustani inabaki. Kuku watakaa upande wa pili, karibu na tangi, na ule wavu utatosha. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. Akasema siku niliyozaliwa ni yeye aliyenipokea, mama hakuwahi kufika hospitali, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Nilikuwa na kilo mbili tu, akasema, tena za kuazima. Watu wote walisema huyu hafiki Ijumaa.

"Ndiyo maana sikupimi kwa uzito," akasema. Kisha akaniambia lango la mbele nalo linataka taa, ila safari hii niende na Mita.

Nimetembea nyumbani nikifikiri. Nimefikiri sana, mpaka nikapita mlango wangu. Na nimepata somo kubwa, naliandika hapa lisipotee. Nilikosea. Uzito ni uongo mtupu, uzito ni saruji. Ya Mita ilikuwa na kilo moja kasoro kidogo, na ndiyo iliyowaka. Mimi nilikuwa na kilo mbili, na nimefika Ijumaa zote. Kwa hiyo iko wazi kama jua: nyepesi ndiyo bora!

Na yule mchuuzi wa barabarani, nimepita nimeona, ana transfoma mpya. Ina picha ya kipepeo. Nimeinua, sikuhisi kitu mkononi. Upepo! Kesho asubuhi, kabla Mita hajaamka, naichukua kwa ajili ya lango. Mizani nimeshaazima, iko hapa chini ya kitanda.

Limebaki moja. Lile la Jumatatu, kwamba kazi ilinifuata kibarazani ikabisha hodi, na mimi miguu mitupu. Uongo. Kazi ilikuwa ya Mita, alishapewa, na vifaa alishanunua. Mimi nilikwenda kwa dada kuiomba mara tatu, na mara ya tatu nililia.